Pumzi ya Watu: Asili ya Wema katika Mila za Wanyakyusa

Sisi waalimu twasikia mara nyingi, na pengine twasema wenyewe mbele ya watoto, ya kwamba mtu asiye na dini hawezi kuwa mwema, maana hana wa kumwogopa. Neno hili hunenwa kana kwamba halihitaji kupimwa. Walakini sisi tukaao Ngana, katika nchi ya migomba na mpunga iliyo kando ya mto Songwe, tunayo njia ya kulipima karibu nasi. Mila za Wanyakyusa zatuonyesha maadili yenye nguvu, ambayo msingi wake mkubwa haukuwa amri iliyotoka mbinguni, bali ujirani.

Wamisionari wa Kimoravia na wa Berlin walipofika nchi ya Konde mwaka 1891, walikuta vijiji vya namna ya pekee. Kijiji hakikuwa cha ukoo, bali cha rika. Wavulana wenye umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko. Chakula walikula kwa mama zao, lakini walikwenda kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa, walileta wake zao papo hapo, na kijiji kikakua pamoja nao. Basi mtu aliishi maisha yake yote kati ya wenziwe wa umri mmoja, ambao hakuzaliwa nao tumbo moja.

Habari hizi ziliandikwa kwa uangalifu na Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya uchunguzi wao katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akakitoa kitabu juu ya vijiji vya rika mwaka 1951. Humo alieleza neno moja la Kinyakyusa lipasalo kujulikana na kila mwalimu: *ukwangala*. Maana yake ni kukaa na wenzako kwa furaha, kuzungumza, kula na kunywa pamoja. Lakini si anasa tu. Wazee walisema ya kwamba *amahala*, yaani akili na busara, hupatikana katika mazungumzo ya wenzi. Mtu akaaye peke yake hajifunzi adabu wala hajui kunena. Kwao, kula peke yako halikuwa kosa dogo la tabia, bali alama ya moyo mbaya.

Je, mkosaji alizuiwa na nini? Hapo ndipo tunapokuta neno la pili: *imbepo sya bandu*. *Imbepo* ni ndugu wa neno letu upepo, nalo lachukua maana ya baridi pia. *Bandu* ni watu. Twaweza kulifasiri “pumzi ya watu”. Mtu akiwanyima jirani zake karamu iliyowapasa, au kijana akimdharau baba yake, jirani walinung'unika. Iliaminiwa ya kwamba manung'uniko hayo ya haki humwendea mkosaji kama baridi, naye akashikwa na homa. Dawa yake ilikuwa kupatana: mkosaji alikiri, akaleta chakula au pombe, na jirani wakayasema yote yaliyokuwa mioyoni mwao, pasipo kuficha, hasira ikaisha.

Hatusemi kwamba wazee hawakuwa na dini. Walitambikia wahenga, na huko Lubaga walimheshimu Lwembe, ambaye mvua na rutuba ya nchi vilitegemea kwake. Nao pia waliamini ya kuwa nguvu ya pumzi ile hutoka katika mambo yasiyoonekana. Lakini tuangalie sababu waliyoitoa. Mtoto alipouliza kwa nini asile peke yake, hakuambiwa ya kuwa Mungu amekataza. Aliambiwa ya kwamba wenzio watasemaje, nawe utaishi na nani?

Wala jambo hili si la Konde tu. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, alionyesha ya kuwa kwa Waakan tendo huwa jema kwa sababu lawafaa watu na kupatanisha haja zao, ijapokuwa wamwamini Mungu. Katika siku zetu wako Waafrika ya Mashariki wanaokwenda mbele zaidi: huko Kasese, Uganda, shule ilifunguliwa mwaka 2011 ifundishayo watoto utu pasipo kuutegemeza juu ya dini, na Kenya chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa mwaka 2016. Tukiwaita watu hawa wapotevu wasio na maadili, twawahukumu na babu zetu pamoja nao. Naye Mtume Paulo, katika sura ya pili ya waraka kwa Warumi, akiri ya kuwa mataifa wasio na torati waweza kutenda yaliyo ya torati.

Hata hivyo tusiisifu mila kupita kiasi. Maadili yaliyosimama juu ya macho ya jirani yana hatari mbili. Ya kwanza ni mpaka: mgeni asiye wa kijiji hana wa kumnung'unikia. Ya pili ni kubwa zaidi. Ikiwa ugonjwa waweza kuletwa na watu, basi kila mgonjwa hutafuta mtu wa kumlaumu. Pumzi ya haki iliitwa ulinzi wa kijiji. Lakini nguvu iyo hiyo, ikishukiwa kuwa ya husuda, iliitwa uchawi. Wengi waliposadiki uvumi, mtu asiye na hatia alinyweshwa *umwafi*, yaani mwavi, au alifukuzwa. Na hata leo katika Tanzania wako wazee, hasa wanawake, wanaouawa kwa tuhuma za uchawi. Sauti ya wengi yaweza kumwonya mwovu, nayo yaweza kumponda mwema.

Basi lililopungua lilikuwa nini? Twadhani ni desturi ya kumsikiliza mshtakiwa na kuuliza ushahidi, na kumhesabu mgeni kuwa jirani. Mambo hayo mawili dini yaweza kuyafundisha. Lakini haiyaleti yenyewe, kwa maana makanisani pia wako watu waliotengwa kwa uvumi tu. Akili na haki zayadai kwa kila mtu, mwamini na asiyeamini.

Kwa hiyo, ndugu waalimu na wachungaji, mtoto akiuliza kwa nini asiibe, tusimjibu kwa moto wa jehanamu peke yake. Tumwonyeshe mwenye shamba aliyeibiwa, na watoto wake watakaolala na njaa. Mtoto aliyefundishwa kuogopa tu, siku imani yake itakapolegea, hatabaki na kitu. Bali aliyefundishwa kumwona mwenziwe atakuwa na sababu ya kutenda mema siku zote, naye akibaki katika imani, imani yake itakuwa na mizizi ya *ukwangala* iliyopandwa na wazee wetu kabla kengele ya kwanza haijalia katika nchi hii.