Mtoto Mdogo Kwenye Tamasha la Muziki: Tulinde Masikio Yake

Je, inafaa kumpeleka mtoto wa miaka miwili au mitatu kwenye tamasha la muziki? Jibu letu ni ndiyo, ila kwa maandalizi.

Tuchukue mfano wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na ambalo hufanyika mwezi Februari. Kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Hapo mtoto husikia taarab, ngoma na muziki wa nchi nyingi za Afrika, na huona kwa macho yake vyombo vikipigwa. Hiyo ni elimu ambayo redio haiwezi kumpa. Tatizo si muziki, bali ni ukubwa wa sauti.

Ndani ya sikio mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, zinazopokea sauti ili ipelekwe kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Mtoto anayepungukiwa usikivu akiwa mdogo hupata shida ya kujifunza kusema, na baadaye darasani anaweza kudhaniwa kuwa mzito au mtukutu, kumbe hasikii vizuri.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa mtu mzima aliye kazini, kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo, kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kwamba wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100. Ni wazi kwamba hapo si mahali pa mtoto mdogo kukaa usiku kucha bila kinga.

Wazazi tunawashauri yafuatayo:

- Kaeni mbali na spika. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6. Ndani ya kuta za mawe hupungua kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa kuta huirudisha.
- Mvalisheni mtoto vizuia kelele vinavyofunika sikio lote. Pamba haitoshi, na vile vidogo vya kutia ndani ya sikio anaweza kuvimeza.
- Nendeni alasiri, mrudi mapema. Mpeni maji ya kutosha, kwani Februari Zanzibar ni joto kali.
- Mwandikieni namba ya simu ya mzazi mkononi, asije akapotea kwenye umati.
- Akiziba masikio au akilia, ondokeni. Hata akilala, masikio yake yanaendelea kupokea sauti.

Kamati za parokia nazo zina wajibu. Katika mikusanyiko ya kwaya, mara nyingi watoto huketishwa kwenye mikeka mbele kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye spika. Sogezeni mikeka nyuma, inueni spika juu ya vichwa, na mteue mtu mmoja wa kuangalia sauti. Hayo hayana gharama. Nanyi wahisani mnaochangia vyombo vya muziki, tunawaomba mwongeze na vizuia kelele vichache vya watoto.