Nati ya Gurudumu: Kwa Nini Hushika, na Kwa Nini Hulegea

Watu wengi hudhani kwamba boliti za gurudumu hubeba gari kama vigingi vibebavyo kapu ukutani. Dhana hiyo si sahihi, na mtu anayebadili rimu za gari lake huku ameishikilia aweza kupoteza gurudumu barabarani.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla. Boliti zake zina kipenyo cha milimita 12, na katika nyingi za gari hizo nati hukazwa kwa momenti ya nyutoni-mita 103. Nati inapokazwa, boliti huvutika na kurefuka kama springi. Wahandisi hukadiria kani ya mvuto huo kwa kugawa momenti kwa sehemu moja ya tano ya kipenyo: 103 ÷ (0.2 × 0.012), yaani nyutoni 43,000 hivi, sawa na uzito wa tani nne na zaidi. Kani hiyo huibana rimu kwenye kitovu cha gurudumu, na msuguano baina ya nyuso hizo mbili ndio ubebao gari. Mbano ukipungua, rimu huchezacheza, boliti hupindwa huku na huku, na mwishowe huchoka na kukatika.

Hata hivyo, kurefuka kwa boliti hakufikii sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo tabaka la rangi, kutu au mchanga lenye unene wa karatasi, likisagika baadaye, laweza kuilegeza springi yote. Ndiyo sababu nyuso husuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kufunga, na nati hukaguliwa tena baada ya mwendo wa kilometa 80 hadi 100.

Umbo la nati nalo lina maana. Rimu nyingi za aloi zinazouzwa madukani zina matundu yenye umbo la pia, pembe yake nyuzi 60. Nati za asili za Honda zina uso wa mviringo kama tufe. Tufe likikazwa ndani ya pia hugusa kwenye mstari mwembamba tu; aloi hubonyea, na mbano hupotea. Basi anayenunua rimu anunue na nati zinazolingana nazo. Kila nati ianzwe kwa mkono, na izunguke mara nane angalau: hesi ya milimita 1.5 kwa mizunguko minane ni milimita 12, sawa na kipenyo cha boliti.

Nati zikazwe kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana, ili rimu isilale upande. Kwanza gari likiwa juu ya jeki, kisha likiwa chini. Spana ya sentimita 40 yahitaji kani ya nyutoni 257 tu, kama kuinua mzigo wa kilo 26. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake hutoa nyutoni-mita 274, na boliti yaweza kuvutika isirudi tena, au kukatika. Mafuta kwenye hesi huleta hatari hiyo hiyo, kwani hupunguza msuguano, na momenti ile ile huivuta boliti kupita kiasi.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hii darasani kwa vibao viwili, boliti moja na tundu pana kuliko boliti. Nati ikilegea, vibao huteleza. Ikikazwa, havisogei, ijapokuwa boliti ni ile ile.