Duara la sauti: pumziko kwa watunzi na waimbaji waliochoka



Katika kila kundi la wakimbizi wa ndani kuna watu wachache ambao jamii huwategemea bila kuwashukuru sana: mtunzi wa nyimbo, mpiga ngoma, kijana wa mchezo wa kuigiza, mama anayeongoza kwaya. Shirika likija na ujumbe wa kipindupindu, wao ndio huitwa. Ukija ujumbe wa chanjo, wa uchaguzi, au wa amani kati ya wenyeji na waliowasili, ni wao tena. Wimbo unatakiwa kesho saa tatu asubuhi, na uwe na maneno haya na haya. Baada ya miaka miwili au mitatu unamkuta mtunzi ameketi mbele ya kibanda, gitaa limetundikwa bila nyuzi, naye anakwambia: "Hakuna kinachokuja."

Makala haya yanaeleza uchovu huo, na namna ya kuandaa kikao cha sauti kinachoweza kuupunguza. Hakihitaji pesa nyingi. Kinahitaji zaidi viongozi wanaokubali kukaa mbali nacho.

Uchovu huu ni nini?

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya watu waliojitolea katika kliniki za bure: walianza kazi kwa moyo wote, kisha wakaishiwa nguvu, wakawa wepesi wa hasira. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliingiza hali hiyo katika orodha yake ya magonjwa na hali za afya, orodha inayotumika tangu Januari 2022. Halikuiita ugonjwa. Liliieleza kama hali inayotokana na kazi, yenye alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba anachofanya hakifai.

Kwa mtunzi aliyekimbia kijiji chake kuna jambo la ziada. Wale waliotoka upande wa Mitwaba, Pweto au Manono waliacha mashamba na nyumba, lakini waliacha pia sauti: kinu cha jirani, mto, watoto wanaoitana jioni. Mjini Lubumbashi anasikia malori yanayoelekea Kasumbalesa na redio za watu wengine. Halafu nyimbo anazotunga si zake. Wimbo ulioagizwa ni kama bukari ya wageni: mpishi anasonga, wageni wanashiba, naye analala njaa. Ndiyo maana kumwambia "pumzika kidogo, kisha utunge" hakumsaidii.

Kwa nini sauti?

Kwanza, ni kwa sababu ya pumzi. Mtu anayeimba au kuvumisha sauti mdomo ukiwa umefungwa hutoa pumzi polepole, na pumzi ndefu ya kutoka hutuliza mapigo ya moyo. Watafiti wa Göteborg, nchini Uswidi, walionyesha mwaka 2013 kwamba watu wanaoimba pamoja mioyo yao huelekea kuongeza na kupunguza kasi kwa wakati mmoja.

Pili, sauti haidai ufundi. Mwanamuziki Pauline Oliveros wa Marekani, katika miaka ya vita vya Vietnam, aliandika maelekezo mafupi ya kusikiliza na kutoa sauti ambayo hata mtu asiyejua muziki angeweza kuyafuata. Yalichapishwa mwaka 1974.

Lakini sisi wa Katanga tuna mwalimu wa karibu zaidi. Angalieni karindula: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, mti mrefu, nyuzi nne, hata mfuko mtupu wa maziwa ya unga unaingizwa humo. Vikundi vya karindula vilirekodiwa hapa Lubumbashi mwaka 2009, na diski yao ikatoka Ubelgiji mwaka 2011. Vitu vilivyotupwa, mikononi mwa watu wasio na kitu, vikawa chombo kinachochezesha uwanja mzima. Hiyo ndiyo akili tunayotaka kuirudisha.

Namna ya kuandaa

Alikeni watu wanane hadi kumi na wawili, si zaidi. Wawe ni wale wanaotoa: waimbaji, waigizaji, wahamasishaji, hata mwalimu wa watoto. Tafuteni mahali penye kivuli, mbali na mashine ya kusaga na mbali na mstari wa kugawa chakula. Saa moja inatosha. Msimu wa mvua uepuke turubai, kwani mvua ikianza hamtasikiana. Kila mtu alete kitu kimoja cha nyumbani: sufuria, bidoni, mwiko, ufagio, chupa.

Anzeni kwa kunyamaza dakika tano na kusikiliza tu. Msimlazimishe mtu kufumba macho. Aliyewahi kukimbia usiku hapendi kuwa kipofu kati ya watu. Kisha kila mmoja ataje sauti moja aliyoisikia. Mama mmoja tuliyekuwa naye Ruashi alitaja mbabula ya jirani, makala yakipasuka. Wote wakaisikia, na hakuna aliyekuwa ameiona kuwa ni sauti. Baada ya hapo vumisheni pamoja, mdomo umefungwa, kila mtu kwa pumzi yake.

Sehemu inayofuata ndiyo moyo wa kikao, ipeni nusu ya muda. Mmoja anatoa sauti kwa kitu chake, fupi. Aliye kulia anajibu. Hamuigi mwenzake, anamjibu: kwa upole zaidi, kwa haraka zaidi, au kwa kukwaruza badala ya kugonga. Jibu linakuwa swali kwa anayefuata. Asiyetaka kujibu anakaa kimya, na duara linasubiri kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu kimya chake nacho ni jibu. Mzunguko wa kwanza watu watacheka kwa haya. Mzunguko wa tatu au wa nne utaona mabega yanashuka, na mmoja ataanza kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Msimpigie makofi. Mjibuni.

Mwishoni, kama mna telefone, rekodini dakika mbili, msikilize pamoja, kisha ifuteni mbele ya wote. Watu hushangaa kwa nini tunafuta. Tunafuta kwa sababu kilichohifadhiwa kitaombwa.

Mambo ya kuangalia

Maneno yasitumike. Katika duara moja mnaweza kuwa na Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kitabwa na Kiluba cha Kasai, na Katanga bado inakumbuka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Wimbo wa lugha moja unaweza kumnyamazisha jirani bila mtu kukusudia. Mlio wa bidoni hauna kabila.

Ulizeni mapema ni sauti gani haitakiwi. Chuma kugongwa kwa ghafla, filimbi, na ngoma fulani humrudisha mtu kwenye siku ya shambulio. Hata wenyeji wa mji wanakumbuka milio ya risasi ya Machi 2013, wapiganaji wa Kata Katanga walipoingia Lubumbashi. Mtu akianza kutetemeka au kulia, mmoja atoke naye, ampe maji, asimhoji. Akiendelea kukosa usingizi au kusema hataki kuishi, asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Duara si tiba. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 juu ya afya ya akili katika dharura unaliweka jambo hilo kati ya kanuni zake za msingi: msaada wetu usiongeze madhara.

Kwa viongozi hasa

Kamati na machifu wa kartiye, nawaombeni mambo matatu yaliyo magumu kwetu sote. Kikao hiki kisiwe na ujumbe. Kisiwe na wageni wala picha, hata mfadhili akiomba. Na msiulize baadaye: "Wimbo uko wapi?" Mwezi wa kwanza huenda usitoke wimbo wowote. Mkishindwa kuvumilia hilo, waimbaji watarudi kuwa wafanyakazi wenu, na duara litakuwa mkutano mwingine tu.

Wapeni saa moja kila wiki, siku ileile, na mkiweza siku hiyo msiwape kazi nyingine. Bidoni mzirudishe majumbani kabla ya saa ya kuchota maji, maana mama mwenye bidoni moja hawezi kuiazima sanaa mpaka jioni.