Pikipiki Iliyolala Ghalani: Kuiwasha, na Kuiteremsha Mlimani

Katika ghala la nyumba ya ukoo wetu huko Mpale, wilayani Korogwe, ilikuwamo pikipiki aina ya Honda CG125 ambayo haikuwashwa tangu mwaka 1999. Ilikuwa mali ya marehemu baba yangu mdogo, bwana shamba, aliyeitumia tangu 1982 kuwatembelea wakulima katika vijiji vya milima ya Usambara. Alipostaafu akaiegemeza ukutani, akaifunika gunia. Kuku wakageuza kiti chake kuwa kiota.

Nilipokwenda likizo mwezi Desemba 2023, mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, aliniuliza: "Mjomba, si wewe uliyesomea mitambo huko ng'ambo mpaka ukawa daktari? Hii haiwezi kuwaka tena?" Msomaji ataelewa kwamba swali la namna hiyo, likiulizwa mbele ya wazee, halina nafasi ya kukwepwa. Kijana alikuwa na haja ya kweli. Mazao ya pale huteremshwa Korogwe kwa nauli kubwa, naye alitaka kuyabeba mwenyewe.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, yafaa kusema machache juu ya pikipiki hii, kwa kuwa wanafunzi wengi huiona kila siku pasipo kujua. Honda ilianza kuiuza CG125 mwaka 1976. Wahandisi wake walikuwa wamechunguza jinsi pikipiki zilivyotumiwa katika nchi zinazoendelea, wakaona kwamba hubebeshwa mizigo mizito, hupita katika vumbi na matope, na oili yake hubadilishwa kwa nadra. Pikipiki ndogo nyingi za Honda za wakati ule zilikuwa na kamshafti, yaani mhimili wenye nundu za kufungulia valvu, juu kabisa ya silinda, ukizungushwa kwa mnyororo mwembamba ambao hulegea usipotunzwa. Katika CG125 mhimili huo ulishushwa chini, ukazungushwa kwa meno ya gia, na fimbo mbili ndefu zikapeleka mwendo wake juu kwenye valvu. Nundu yenyewe ni moja tu, inatumikia valvu zote mbili. Cheni ya gurudumu ilifunikwa isile mchanga. Kwa mtu anayependa mbio mpango huu ni wa kurudi nyuma. Kwa bwana shamba ulikuwa neema.

Mchoro huo haukufa. Injini nyingi za pikipiki zilizotoka China, ambazo zilienea nchini mwetu pamoja na biashara ya bodaboda, ni wajukuu wa CG125. Hivyo basi, tulipohitaji ringi za pistoni na gasketi, tulizipata katika duka la vipuri mjini Korogwe. Wenye pikipiki kuukuu za aina nyingine hawana bahati hiyo.

Sasa tuitazame injini. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Mwanafunzi akikokotoa atapata ujazo wa karibu sentimita za ujazo 124, nao ndio unaoipa pikipiki jina lake la 125. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiingia humo, pistoni huugandamiza hadi karibu sehemu moja ya tisa ya ujazo wake wa awali, kisha cheche huuwasha. Kwa hiyo injini iliyogoma haina budi kuulizwa mambo matatu: Je, pistoni inagandamiza? Je, petroli inafika? Je, cheche inaruka?

Pistoni yetu haikusogea kabisa. Unyevu wa mlimani ulikuwa umeingia, na kutu ikaziunganisha ringi na ukuta wa silinda. Hapa vijana wengi huharibu, maana hupanda juu ya kiki na kuikanyaga kwa uzito wote mpaka kitu kivunjike. Tulitoa plagi, tukamimina ndani vijiko vichache vya oili iliyochanganywa na mafuta ya taa, tukaiacha siku tatu. Mafuta ya taa ni mepesi, hivyo hupenya katika nyufa nyembamba za kutu, nayo oili hubaki ikilainisha. Siku ya nne tuliingiza gia ya juu kabisa, tukalisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa upole. Mara pistoni ikaachia, kwa mlio mdogo kama wa bawaba kavu. Tuliifungua silinda, tukasugua, tukaweka ringi mpya.

Petroli ilikuwa na hadithi yake. Mabaki yaliyokuwamo katika tangi yalikuwa yamegeuka kuwa ute wa rangi ya asali iliyoungua. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi: vile vyepesi huvukiza na kutoweka, na vilivyobaki huungana polepole na oksijeni ya hewa vikawa gundi. Gundi hiyo ilikuwa imeziba matundu ya kabureta, ambayo ni membamba kama ya sindano. Tuliyazibua kwa petroli safi na uzi mmoja wa waya wa shaba. Waya wa chuma haufai hapa, kwani huyapanua matundu. Tangi lenyewe tulilijaza maji ya ndimu, tukatia kokoto na kulitikisa. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu. Baadaye tulisuuza kwa maji ya magadi ili kuimaliza asidi, kisha tukakausha juani upesi kutu isirudi.

Nawaomba walimu watakaotaka kulirudia jambo hili pamoja na wanafunzi wao wakumbuke neno moja. Petroli iliyoachwa ndani ya tangi mwaka 1999 ilikuwa bado na madini ya risasi; nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuyatumia mwanzoni mwa 2006. Risasi ni sumu, na huathiri hasa ubongo wa mtoto. Mabaki kama hayo yasiguswe kwa mikono mitupu, wala yasimwagwe shambani au karibu na kisima.

Likabaki swali la cheche, nami hapo niliumbuka. Niliitoa plagi, nikaigusisha na mwili wa injini, mpwa wangu akapiga kiki. Cheche ikaruka. Nikatangaza kwamba upande wa umeme ni mzima, na kwa siku mbili nzima nikaifungua na kuifunga kabureta isiyokuwa na kosa. Hatimaye tulimwita fundi mmoja kutoka Korogwe, mzee wa makamo asiyesema sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hiyo cheche ilikuwa ya rangi gani?"

Ilikuwa ya njano iliyofifia. Nilikuwa nimeiona, lakini sikuizingatia.

Maana ya swali lake ni hii. Hewa ikigandamizwa, chembe zake hukaribiana, na umeme huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka kati ya ncha mbili zilezile. Cheche dhaifu inayoruka nje, katika hewa huru, yaweza kushindwa kabisa kuruka ndani ya silinda. Cheche yenye nguvu huwa nyeupe yenye ubuluu, tena hulia. Nguvu hiyo hutokana na kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831: sumaku inapobadilika karibu na waya, volti huzaliwa katika waya huo, na kadiri badiliko linavyokuwa la ghafula ndivyo volti zinavyokuwa nyingi. Katika pikipiki hii kuna vipande viwili vidogo vya chuma, mafundi huviita pointi, ambavyo hugusana na kuachana kila injini inapozunguka. Vinapoachana, umeme hukatizwa ghafula, na volti elfu nyingi huzaliwa katika koili ya plagi. Lakini umeme haupendi kukatizwa. Hujaribu kuruka palepale penye pointi. Kazi ya kuuzuia ni ya kondensa, chombo kidogo kama kidole gumba, ambacho huupokea umeme huo kwa kitambo kidogo sana. Kondensa ikichakaa, umeme huvujia kwenye pointi, badiliko huwa la polepole, na plagi hupata makombo.

Pikipiki za siku hizi hazina pointi, na kondensa ya aina ile haikupatikana dukani. Fundi alifungua mkebe wake, akatoa kondensa ya Land Rover kuukuu, akaifunga nje ya injini kwa kipande cha bati na waya mmoja. Akasafisha pointi kwa msasa laini. Kwa kuwa umeme wa kuwashia katika pikipiki hii hutoka kwenye sumaku ya injini yenyewe, hatukuhitaji hata betri. Kiki ya tatu ikawaka. Moshi mweupe ukajaza ua, kuku wakakimbia, na shangazi yangu, aliyekuwa jikoni, akatoka akilia, maana aliujua mlio ule.

Laiti ningeishia hapo. Fundi alikuwa amekwisha kuondoka, na alikuwa ametuagiza tusiipande mpaka arudi kesho kutwa. Jioni ile kijana akaniomba aijaribu kidogo tu. Nilizikagua breki kwa namna ya mtu mwenye haraka. Ya mbele ilikuwa imeganda, waya wake umekufa kwa kutu ndani ya mpira. Ya nyuma niliikanyaga, nikaona inalikamata gurudumu, nikaridhika. Nikamwambia, "Nenda taratibu, baba, usipite pale kwenye kona."

Alifika pale kwenye kona. Alipokanyaga breki, gurudumu la nyuma likajikaba lote, pikipiki ikalala ubavu na kuteleza hadi kwenye majani ya ng'ombe yaliyopandwa ukingoni. Alichubuka kiwiko na goti. Upande wa pili wa njia kuna korongo ambalo sitaki kulieleza.

Tulipofungua gurudumu tuliona chanzo. Breki ya aina hii ina vipande viwili vya nusu duara ambavyo hutanuka na kuisugua dramu kwa ndani. Juu ya kila kipande hubandikwa lainingi kwa gundi. Katika miaka 24 ya unyevu gundi ilikuwa imeoza. Lainingi moja ilibanduka nzima na kujikaba kati ya kipande chake na dramu. Ilipokanyagwa uani, pikipiki ikiwa imesimama, ilishika vizuri. Kipimo changu hakikuwa na maana yoyote, kwani hakikupima kile ambacho mlima ungekidai.

Mlima hudai nini? Tuchukue pikipiki ya karibu kilo 100, dereva wa kilo 60 na gunia la kilo 40, jumla kilo 200. Zikishuka mita 500 za wima, nishati inayoachiliwa ni 200 × 9.8 × 500, yaani jouli 980,000. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha karibu lita tatu za maji zilizokuwa na joto la nyuzi 20. Dereva anayefika chini salama ameigeuza karibu yote kuwa joto, na asipokuwa mwangalifu joto hilo huingia katika vipande vya lainingi visivyozidi upana wa kiganja. Lainingi ikipata moto kupita kiasi, msuguano wake hupungua, na breki huanza kuteleza pale inapohitajiwa zaidi. Dereva akiweka gia ndogo na kuachia mafuta, sehemu kubwa ya nishati humezwa na injini, ambayo ina mapezi ya kuipooza.

Fundi aliporudi hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kugombezwa. Alimwaga maji juu ya vumbi la breki kabla ya kuligusa, akatukataza kulipuliza. Alikuwa na haki: lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa pumuani huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Tukaweka lainingi mpya mbele na nyuma, waya mpya za breki na klachi, beringi za magurudumu, na tairi zote mbili, kwani za zamani zilikuwa na nyufa ingawa kashata zake zilionekana nzima. Vitu hivyo, ambavyo havikuhitajika ili injini iwake, viligharimu zaidi ya mara mbili ya vile vilivyoiwasha. Taa na honi zilifuata, kisha habari ya kadi ya usajili, ambayo ilichukua siku nyingi kuliko injini.

Siku ya jaribio fundi mwenyewe aliteremka kipande kilekile cha njia mara mbili, akiwa na kofia ngumu na gunia la mchanga. Mara ya kwanza alishuka polepole kwa breki peke yake. Alipofika chini, mpwa wangu alidondoshea maji juu ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Yakachuruzika kwa mlio na kutoweka. Tukangoja kipoe. Mara ya pili alishuka kwa gia ya pili, akigusa breki penye kona tu. Kijana akadondosha maji tena, akainama kutega sikio. Matone yalikaa pale juu ya chuma, yakakauka taratibu.