Maziwa ya kopo yasile mtaji wa mahindi

KATIKA soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mama anayeacha mtoto mchanga nyumbani kutwa nzima huona maziwa yakipungua. Mara nyingi si ugonjwa: titi lisiponyonywa wala kukamuliwa, hupunguza kutengeneza maziwa.

Akikimbilia maziwa ya kopo, mtaji huliwa. Akizidisha maji ili kopo lidumu, mtoto hudhoofu.

Njia nafuu ipo. Anyonyeshe mara kwa mara, hasa usiku, na akiwa sokoni akamue kwa mikono safi kila baada ya saa 3. Maziwa yafunikwe kwenye chombo safi, yawekwe kivulini, na mtoto ayanywe kwa kikombe ndani ya saa 4. Mtoto asipoongezeka uzito, apelekwe zahanati mapema.