Vifaa vya Mchoraji na Duka la Misumari

Katika jiji letu la Dar es Salaam wapo vijana wengi wenye mkono wa kuchora ambao huacha kazi hiyo baada ya kuingia duka moja tu. Kijana huenda duka la vifaa vya ofisi katikati ya mji, huulizia kanvasi na rangi za kuchorea, huambiwa bei, hutoka kimya. Tangu siku hiyo atakuambia kuwa uchoraji ni wa watoto wa matajiri. Leo nazungumza na kijana huyo, na mzazi wake pia, maana mara nyingi fedha ni za mzazi.

Hebu tumtazame Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora Oyster Bay mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia ubao wa dari na rangi ya mafuta ya makopo, ile ile ya kupakia baiskeli. Vitu hivyo viliuzwa kwa mafundi. Hata mng'ao wanaousifu wageni katika picha za Tingatinga umetoka kwenye kopo hilo. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini waliomfuata wameendelea na rangi hiyo. Kilichobadilika zaidi ni ubao, uliopisha kitambaa, kwa kuwa mtalii hutaka picha ya kukunja na kutia begini.

Basi duka la kwanza la mchoraji ni lile la misumari na saruji. Nunua makopo madogo matano: nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi. Kijani, rangi ya chungwa na kahawia utazichanganya mwenyewe. Hapo hapo chukua rangi nyeupe ya maji ya ukutani na gundi nyeupe ya maseremala.

Kitambaa kipo Kariakoo. Ulizia marekani, kile cha pamba kisichotiwa rangi, kizito kadiri mfuko unavyoruhusu. Kifue kwanza kitoke wanga, kisha kikaze kwenye fremu. Mafundi wa Keko wanaweza kukuungia moja kwa mabaki ya mbao. Paka gundi iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka, paka ile nyeupe ya ukutani mara mbili. Wengi huiruka gundi kwa uvivu, na hapo ndipo wanapoharibu, kwani mafuta ya rangi hupenya na kukiozesha kitambaa kidogo kidogo. Tena, usithubutu kupaka rangi ya maji juu ya ile ya mafuta. Itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Lakini mzazi nisikilize vizuri. Rangi ya mafuta si ya mtoto mdogo. Mvuke wake na wa tina ya kuzimulia huumiza kichwa na hushika moto upesi, na baadhi ya rangi hizo zimekutwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Hata mtu mzima afungue madirisha na jiko la mkaa liwe mbali. Mwanafunzi mnunulie rangi za maji za duka la vitabu. Zile za bei nafuu hupauka juani, ni kweli, lakini nani anaanika daftari?

Karatasi ya mazoezi usiinunue kwa daftari. Nenda kwa wachapaji, uombe mabaki yanayokatwa na mashine. Wengine huyatupa, wengine watataka kitu kidogo. Mkaa wa kuchorea nao ni bure. Jaza vijiti vikavu katika kopo la bati, funika, toboa tundu dogo kwenye mfuniko, uweke nje juu ya moto hadi moshi ukome. Usifungue kabla ya kopo kupoa, ama vijiti vitageuka majivu.

Kitu kimoja nakuomba usikibanie, nacho ni brashi ndogo ya kuchorea mistari. Ile pana ya kupakia ukuta inatosha kwa gundi, si kwa jicho la ndege. Kabla ya kulipa vuta nywele zake. Zikikubaki vidoleni, irudishe. Ukimaliza kazi ioshe kwa tina, kisha kwa sabuni, uisimamishe nywele zikitazama juu.