Paka Akifa Ghafla: Tuchunguze Jikoni Kabla ya Kumshuku Jirani



Katika miji na vijiji vyetu, kuanzia Mutukula hadi Busia na Malaba, paka si pambo la nyumba. Ndiye mlinzi wa ghala la mahindi, maharagwe na mtama dhidi ya panya. Kwa hiyo anapokutwa asubuhi amekufa bila jeraha, mwenye nyumba hupata hasara ya kweli, na mara nyingi neno la kwanza linalomtoka ni kwamba jirani amemtilia sumu. Neno hilo likishatamkwa mbele ya watu ni vigumu kulirudisha. Hufuata matusi, kisha vitisho. Na iwapo jirani huyo anaishi upande wa pili wa mpaka, ugomvi wa nyumba mbili huweza kugeuka kuwa uhasama wa vijiji viwili.

Tunatambua kwamba wapo watu wanaotega sumu kwa makusudi, na hapa chini tunaeleza jinsi ya kuwaripoti. Hata hivyo, mambo mengi yanayoweza kumuua paka yamo ndani ya nyumba anamoishi, na aghalabu humfikia kupitia mikono ya watu wanaompenda.

Vyakula vya kuepuka

Kitunguu maji na kitunguu saumu ni hatari kwa paka, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa kuwa unga. Huharibu chembe nyekundu za damu. Dalili huweza kuchelewa kwa siku kadhaa: ufizi hupauka, mnyama hulegea na kupumua kwa shida, na mkojo huwa mwekundu au wa kahawia. Ndiyo sababu mtu husahau mchuzi aliompa paka siku ya Jumatatu, akamshuku mgeni aliyepita siku ya Alhamisi.

Chokoleti, kahawa na majani ya chai huuendesha moyo wa paka mbio na huweza kumtia degedege. Pombe, iwe waragi au malwa, humdhuru hata kwa kiasi kidogo, kwa kuwa uzito wa paka mzima kwa kawaida ni kilo chache tu. Samaki wabichi nao wasiwe chakula chake cha kila siku, kwani baadhi ya samaki wana kemikali inayoharibu vitamini B1, na upungufu wake humfanya paka ayumbe na kuanguka. Ni salama zaidi kuwapika mukene, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa na wa Kenya huwaita omena, bila kitunguu wala chumvi nyingi.

Dawa za binadamu na za mifugo

Wapo wanaompa paka mgonjwa kidonge cha parasetamoli kwa huruma. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama la binadamu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na miguu huvimba, na pumzi hukatika.

Dawa za kuua kupe na viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa zenye permethrini, humtetemesha paka mwili mzima hadi kufa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe pia isipakwe kwenye manyoya yake. Paka hujilamba kila siku. Chochote kilichomo kwenye manyoya huishia tumboni.

Mimea ya nyumbani na ya uani

Maua ya lili yanayouzwa kwa ajili ya harusi na mazishi huharibu figo za paka kwa muda wa siku moja hadi tatu. Kila sehemu yake ina sumu: jani, ua, chavua, hata maji ya chombo ulimowekwa mshada. Nyumba yenye paka isiingize ua hilo kabisa.

Oleanda, inayopandwa uani kwa uzuri wa maua yake, huvuruga mapigo ya moyo. Mbegu za mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, ni sumu kali kwa mnyama na kwa mtoto. Utomvu wa mnyaa unaotumika kama ua wa boma huchoma kinywa na macho. Tukikata matawi yake, tusiyaache mahali wanyama wanapopita.

Panya aliyekula sumu

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyeila huchukua siku kadhaa kabla ya kufa. Katika siku hizo hutembea kwa ulegevu, akakamatwa kwa urahisi, na sumu iliyomo mwilini mwake huweza kumdhuru paka aliyemla. Hivyo basi, jirani aliyetega sumu ndani ya ghala lake mwenyewe huenda hakumkusudia paka wa mtu yeyote. Tunawaomba wote wanaotega sumu wawaarifu majirani mapema, na wafukie kwa kina mizoga ya panya.

Aidha, tujihadhari na sumu zinazouzwa na wachuuzi wa mpakani katika vipakiti visivyo na lebo. Mnunuzi hajui kilichomo, na daktari naye hukosa pa kuanzia. Kipakiti hicho ni hatari kwa mtoto kama kilivyo kwa paka.

La kufanya paka akidhurika

Asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa mafuta. Maziwa si dawa ya sumu. Kama sumu iko kwenye manyoya, aoshwe kwa maji na sabuni laini, nasi tukiwa tumevaa glavu. Apelekwe haraka kwa daktari wa mifugo wa gombolola, pamoja na kipakiti, jani au mabaki ya chakula kinachoshukiwa.

Tahadhari moja ni muhimu: paka anayetokwa na mate mengi, anayeyumba au aliyegeuka mkali bila sababu huenda ana kichaa cha mbwa. Tusimshike kwa mikono mitupu. Aliyeumwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Pakiwa na shaka ya uhalifu

Chambo kilichotupwa uani, au wanyama kadhaa kufa usiku mmoja, ni jambo la kuripoti. Chambo kisiguswe kwa mikono, na mzoga usizikwe kabla daktari wa mifugo hajauona. Andika siku, saa na mahali, kisha mwarifu mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi kilicho karibu. Sheria inakataza kumtendea mnyama ukatili na kumuua kwa makusudi mnyama wa mtu mwingine. Vilevile inakataza kumtishia au kumpiga mtu kwa tuhuma tu.

Ikiwa mshukiwa yuko ng'ambo ya mpaka, mwananchi asivuke kwenda kudai haki kwa nguvu. Aripoti upande wake, nasi tutawasiliana na wenzetu wa upande wa pili.

Tunawasihi tuanze kwa kuchunguza sufuria, kabati la dawa, maua ya mezani na ghala. Jibu likipatikana humo, tutakuwa tumewalinda paka waliobaki na ujirani wetu pia. Lisipopatikana, milango ya vituo vyetu iko wazi.